Karatasi ya Daftari na Ngolo Zangu

Jumatatu, 4 Machi

Ngolo kumi na mbili leo. Nyasi nilizilaza juzi, mraba kwa mraba. Leo nimezifukia kwa udongo, katikati nikaacha shimo la kushika maji. Maharage kesho. Mgongo unauma.

Huku Mpepai, kwa Wamatengo wenye ngolo zao, kulaza nyasi ni kazi ya mwanamume, kufukia ni ya mwanamke. Sina mume, nafanya zote. Miaka kumi na moja iliyopita walinicheka: Mnyasa wa ziwani, muuza dagaa wa usipa, atauweza mlima? Sasa wanapita kuangalia mistari yangu. Waangalie.

Jumanne, 12 Machi

Baraza la Ardhi, Mbinga. Fridolini, mtoto wa marehemu Mzee Kosmas aliyeniuzia shamba, amerudi kutoka Dar es Salaam anadai ni urithi wake. Akasema mkataba wangu ni ukurasa wa daftari tu, haujasajiliwa, hauna muhuri.

Kweli hauna. Una sahihi ya mzee, yangu, ya mwenyekiti wa kitongoji, na dole la Mama Fridolini. Sikujua kuna kusajili. Nilidhani neno la mzee na wino vinatosha. Ujinga wangu.

Nimeogopa. Nikilikosa shamba hili narudi ziwani kubeba ndoo ya usipa kichwani, na magoti haya. Mwezi ujao Baraza litakuja kuliona shamba lenyewe.

Jumamosi, 23 Machi

Fridolini kaingia na vibarua kwenye pembe ya juu niliyoipumzisha mwaka huu. Anataka Baraza likute jembe lake. Na amelima nini? Matuta! Marefu, yanashuka na mteremko kutoka juu hadi chini. Mmatengo mzima. Nimemtukana kwa Kinyasa, asichokijua.

Mama yake alisimama kando akiyatazama yale matuta. Ndiye aliyenifundisha ngolo. Tangu kesi ianze hatusalimiani, na hilo linaniuma kuliko kesi.

Jumapili ya Matawi, 24 Machi

Mvua usiku kucha. Nimepitia shambani kabla ya ibada. Matuta yamekwenda yote. Udongo wake umeteremka ukaishia kwenye mashimo yangu, umetulia humo kama uko kwao. Nimecheka peke yangu. Ni dhambi. Kanisani nimecheka tena.

Alhamisi, 4 Aprili

Wamekuja. Mwenyekiti wa Baraza na wazee wawili, viatu tope tupu. Akauliza nani kalima juu, nani chini. Fridolini akajibu kote ni kwake.

Ndipo mama yake akasogea. Akanyoosha mkono kwenye ngolo.

"Hizi nilimfundisha mimi huyu. Baba yako aliuza nikiwepo, na dole lile ni langu." Akatazama juu. "Yale, mwanangu, sikukufundisha mimi."

Hakuna aliyecheka. Nimelia, wala si kwa ajili ya shamba. Mama kumsema mwanawe hivyo mbele za watu si mchezo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeshinda. Naandika tena: nimeshinda.

Mwenyekiti wa Baraza alisema karatasi isiyosajiliwa haigeuki hati, ila inamfunga aliyeuza, na mtoto harithi alichokwisha kukiuza baba yake. Kikao cha kijiji kiliridhia mauzo, muhtasari upo. Shahidi hajakana dole lake. Na mimi nimelilima shamba waziwazi miaka yote, kila mtu akiona. Kisha akanigeukia: nisibweteke, nikapimiwe nipate hati ya kimila.

Nimetoka kifua mbele. Bodaboda kutoka stendi hadi nyumbani, nimekaa wima kama bibi harusi. Kila niliyemjua nimempungia mkono, na nisiowajua pia.

Jumanne, 30 Julai

Wapimaji wamekuja. Fomu inataka sahihi ya jirani wa kila upande. Upande wa juu ni Fridolini, kwenye kipande ambacho baba yake hakukiuza. Nilijua atagoma. Alisaini, polepole, halafu akauliza nyasi zinalazwaje. Nikamwambia aje Machi na mundu. Jembe aliache.

Karatasi ya daftari nimeirudisha ndani ya Biblia. Hata hati ikija, sitaitupa.

Jioni nimepita kwa Mama Fridolini, alikuwa anaanika kahawa. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, Mnyasa wangu," akasema, akanisogezea kigoda. Tumechambua kahawa mpaka jua likazama.