Kitongoji Kimechagua Taa

Jumatatu, 3 Machi
Nimepanda tena jiwe la mtandao, juu ya shamba la migomba la mama, hapo tu simu inaposhika. Leo si kuchati. Halmashauri inataka maoni ya vijana, kwa fomu ya kwenye simu tu: mradi gani uanze kwetu? Jibu tunalo. Kivuko cha mto. Masika yakikolea, sokoni Matombo hatufiki, ndizi zinaivia ndani. Vijana thelathini na wanane, simu ya tachi moja. Yangu. Wengine wana vitochi, visivyo na intaneti. Kesho kutwa watakuja wajaze.

Jumanne, 4 Machi
Nimeijaribu fomu mwenyewe kwanza, nisije nikaumbuka mbele ya watu. Nikabofya jibu la juu kabisa, taa za barabarani, nione tu inavyokwenda. Ikaenda. Ikanishukuru.

Jumatano, 5 Machi
Wamekuja wote. Wengine wamechana nywele, utadhani fomu ina macho. Akaanza rafiki yangu Shabani. Ikakataa: simu hii imeshatumika. Tukaweka laini yake. Imeshatumika. Nikazima, nikawasha. Wapi.
Shabani akasema, "Basi, Mwaju, simu yako peke yake ndiyo itavuka mto."
Wakacheka. Mimi sikucheka. Hawajui nilichobofya.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshuka mjini Morogoro. Kaka wa kompyuta pale ofisini ni mpole kweli. Kasema maoni yakishatumwa hayafutiki. Malalamiko yana fomu yake. Ya mtandaoni. Nikampa karatasi yenye majina na sahihi za wote. Akaniuliza kama naweza kuituma kwa barua pepe. Nimerudi na hasira mpaka njaa imekata.

Jumamosi, 29 Machi
Mkutano wa kijiji. Mtendaji kasoma: vijana wa kitongoji chetu wamechagua taa, asilimia mia. Watu wakatazamana. Barabara yenyewe inaishia mtoni.
Nikasimama. "Shikamooni wazee. Hiyo asilimia mia ni mimi."
Nikaeleza yote. Mama akainamisha kichwa. Mtendaji akasema orodha imeshapita. Shabani hakunitania. Kasema tu ningewaambia siku ile ile. Kweli. Niliona aibu.

Jumatano, 19 Novemba
Nguzo ya taa wameisimika ukingoni, barabara inapoishia. Moja. Jioni inajiwasha yenyewe. Vuli imeanza. Leo usiku tumerudi kutoka sokoni mimi na Shabani, tukavuka mto viatu mkononi, matenga kichwani. Penye jiwe la utelezi akanishika mkono.
"Angalau tunaona maji yamefika wapi," akasema.
Kiunoni.