Kambare wa Shemeji Simioni

Rhobi, kaa chini kwanza.

Shemeji Simioni, yule yule mdogo wa mume wangu, jana alileta kambare wa Mto Mara kwenye ndoo, akamtumbukiza kwenye tangi la samaki hapa saluni. Tangi la wale wangu wadogo wa rangi!

Nikamwambia, "Shemeji, huyu atawala wenzake." Akanicheka. Mbele ya wateja wangu, akanicheka!

Eti mimi sijui mifugo. Eti ng'ombe mgeni ukimlaza zizini na wenzake, asubuhi wameshazoeana. NG'OMBE, Rhobi!

Leo nafungua saluni, tangi kimya. Hakuna hata mmoja. Kambare yuko peke yake, tumbo limetuna.

Nikampigia Simioni, akaja. Akainama, akachungulia, akatabasamu kabisa. "Si nilikwambia? Ameshazoea. Ona alivyonenepa."

Ona alivyonenepa!! Mtu mzima na ndevu zake!

Kambare nimeshamtoa, sasa hivi yuko kwenye sufuria na nyanya. Tutamla sisi. Simioni nitamwekea ugali na maji ya tangi.