Walipofukuzwa Barazani

Mjukuu wangu Zaituni,

Nakusalimu kutoka Kyebando. Mama yako hajambo, mjomba wako kapona malaria, na mimi nimechoka tu, uchovu wa miaka. Umeniuliza kama kweli, jeshi lilipokwisha kufunga bunge letu, niliendelea kusomesha habari za mabunge ya wengine. Ndiyo. Ilikuwa kwenye mtaala.

Siku moja nilikuwa nawaeleza wanafunzi, kwa Kiingereza, habari za wabunge wa koloni moja la Amerika. Askari akaingia na bunduki.

"Mwalimu, unasomesha nini? Sema Kiswahili."

Siku zile neno bunge liliweza kumpeleka mtu asikorudi. Nikalikwepa.

"Wazee wa baraza, afande. Amerika, zamani sana. Gavana wa mfalme aliwakasirikia, akalivunja baraza lao."

"Wakarudi nyumbani?"

Watoto wote wakanitazama. Jibu nilikuwa nimetoka kuwapa. Nilitamani kusema ndiyo, nipumzike.

"Hapana, afande. Walikwenda baa, wakaendelea na kikao chao."

Akaenda kwenye dirisha la upande wa barabara, akalifunga polepole.

"Hiyo si wazee, mwalimu," akasema kwa sauti ya chini. "Hiyo ni wabunge." Akaketi dawati la nyuma, bunduki magotini. "Maliza."

Nikamaliza, mjukuu wangu. Kengele ya mapumziko ikalia, na hakuna aliyeinuka, hata yeye.

Bibi yako,
Hawa