Uliniambia Nisifunge Mlango

Mama Rejina,

Ni mimi, Zuhura, na nimekalia kiti chako. Usinune. Changu kimejaa nguo za watu. Leo Jumapili jengo zima la Doornfontein limelala, isipokuwa teksi zinazopiga honi huko chini na yule fundi viatu wa jirani anayegonga nyundo hata siku ya ibada. Nimekuja dukani ili nitulie nifikiri. Sijatulia, wala sijafikiri. Nimefagia, nikafagia tena palepale. Nimetia mafuta cherehani zote, hata ile mbovu. Nimepanga vifungo kwa rangi, halafu nikavirudisha vyote ndani ya kopo kwa hasira. Ndipo nikaona bora nikuandikie, maana wewe ndiye uliyenitia kwenye mtego huu, na aliyemtega mwenzake angalau asikie kelele zake.

Jambo lenyewe ni hili. Kesho asubuhi natakiwa kujibu ndiyo au hapana. Shirika la anga limenipa nafasi ya miaka miwili ya kujifunza ufundi wa setilaiti, kwenye kituo chao kule Cape, safari ya basi ya usiku kucha kutoka hapa. Nikisema ndiyo, duka hili linafungwa. Na wewe, ukiwa umelala pale hospitali na ile mipira puani, ulinishika mkono ukaniambia, "Usifunge ile mulango, mutoto." Nami nikasema sitaufunga. Nilisema mbele ya mume wako. Ulitaka niseme nini?

Nasimama, nakaa, nasimama tena. Mwandiko utakuwa mbaya. Vumilia.

Watu wakiniuliza wewe ulikuwa nani kwangu, napata taabu kujibu. Hukunizaa. Wewe Mkongo wa Lubumbashi, mwimbaji wa kwaya, mtoto hukujaliwa. Mimi binti wa Tanga niliyeletwa Johannesburg na baba nikiwa mdogo. Ulinipokea nilipomaliza shule na alama nzuri za fizikia na pa kuzipeleka hamna. Hukunihurumia. Ulinipa sindano na pindo la sketi, ukasema mkono usio na kazi unamchosha mwenyewe.

Na hii habari ya anga, unakumbuka nani aliianza? Si mimi. Ulitoka kununua nyuzi, ukapanda ngazi ukihema, ukasema pale chuo cha jirani wamesimamisha hema na ndani yake "kuko kitu ya mu mbingu." Hukunipa hata nafasi ya kuvua tepu shingoni. Hema lilijaa watoto wa shule walioletwa kwa mabasi kutoka Soweto, na vijana wa shirika walikuwa wakiwaonyesha jinsi setilaiti inavyopiga picha za mashamba, za moto wa nyika na za mabwawa yanayokauka. Watoto walitaka kugusa kila kitu. Wewe ulitaka kuwashinda. Ulipita katikati yao na mkoba wako, ukainama kwenye mfano wa setilaiti uliovikwa kitu cha rangi ya dhahabu, ukavaa miwani, ukauliza kwa sauti ya kwaya, "Na iyi nguo, nani aliishona?"

Nikatafsiri huku nikitamani ardhi inimeze. Wakacheka kidogo, kwa wema. Kisha dada mmoja aitwaye Nomvula, ambaye sasa ndiye mwalimu wangu, akajibu kwamba kweli imeshonwa, tena kwa mkono, na kwamba wanatafuta vijana waliosoma sayansi ili wawafundishe kazi za namna hiyo. Ukanisukuma mbele kwa kiwiko. Mbavu zangu zinakikumbuka mpaka leo.

Nilipochaguliwa kwenda kujifunza kwao siku chache za wiki, uliwatangazia wateja wote kwamba msichana wako anamshonea Mungu mapazia. Nilikuomba uache. Hukuacha. Jioni uliniuliza nimejifunza nini, nami nikaanza kukueleza, ukasinzia katikati ya maelezo, ukaamka na kusema, "Endelea, minasikia." Hukuwa unasikia chochote, Mama. Lakini nilikuwa nikiendelea.

Sasa sikia ambayo sikuwahi kukueleza.

Baada ya kukuzika nilirudi maabara ya shirika mapema mno. Chumba chenyewe ni cheupe, hewa yake inachujwa, na mtu anaingia amevaa ovaroli nyeupe, kofia, glavu na barakoa, macho tu ndiyo yanaonekana. Baba alipoona picha yangu nimevaa hivyo alisema hatimaye nimejisitiri. Kazi yangu ilikuwa ile nguo uliyoiulizia. Ni matabaka mengi ya karatasi nyembamba inayong'aa, na kati yake wavu mwepesi kama ule tunaotia kwenye shela za maharusi. Kule juu hakuna hewa. Upande unaotazama jua unaungua na ulio kivulini unaganda, kwa hiyo vyombo vinavikwa ili visife kwa joto wala kwa baridi. Nilikuwa nashona na wewe umenijaa kichwani. Uzi ukachomoka kwenye sindano. Basi nikashusha barakoa, nikatia ncha ya uzi mdomoni, nikailowanisha kwa mate, nikatunga.

Kama ulivyonifundisha. Kama afanyavyo fundi yeyote, awe Doornfontein au Lubumbashi, bila hata kujua kwamba anafanya.

Nomvula akasema, "Eish, Zuhura. Eish." Halafu akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Uchafu wowote ulioshika kwenye ile nguo, kule juu unageuka mvuke, na mvuke unakwenda kutanda kwenye kioo cha kamera, na setilaiti iliyogharimu jasho la watu wote wale inakuwa kipofu kwa sababu ya mate ya fundi mmoja. Kazi yangu ikatupwa. Nililia ndani ya barakoa mpaka ikalowa, na wenzangu wakadhani nalilia ile nguo iliyotupwa. Nilikuwa nakulilia wewe. Mazishini sikutoa chozi, na wanakwaya wenzako walinisema kwa hilo, nilisikia.

Nikaanza upya. Kaka mmoja aliyesomea uhandisi alikaa nami siku hiyo yote, akinishikia matabaka, akinifundisha kile kijiwaya cha kutungia uzi. Hakunicheka. Na mimi sikumcheka alipojichoma sindano.

Nilidhani watanifukuza. Badala yake Jumamosi wakanipeleka Soweto. Ndio utaratibu wao: anayefundishwa naye afundishe, hata kama anajua kidogo. Wanakwenda mashuleni, likizo wanawaita walimu na kuwaonyesha namna ya kufundisha sayansi kwa vitu vilivyopo, na wanafunzi wanaofanya vizuri wanawatafutia njia ya kwenda chuo. Nomvula anasema setilaiti huzeeka kama watu, sasa shirika lisipolea watoto leo, kesho litabaki linatazama mawingu.

Nilipewa taa kubwa, vipimajoto na makopo mawili ya maji, moja limevikwa karatasi inayong'aa, jingine liko uchi. Tuliyaweka mbele ya taa na watoto wakasoma vipimajoto kwa zamu. Walianza kwa kukisia, wakabishana, wakasukumana, na lile kopo la uchi lilipoanza kupanda joto kuliko jingine wakapiga kelele kama goli limeingia. Msichana mmoja, baba yake Mrundi mwenye spaza, kiduka cha mtaani, karibu na shule, alinisikia Kiingereza changu akajua mimi si wa hapa. Akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia nilisomea kwenye jengo bovu Doornfontein, kwa mama Mkongo aliyekuwa akisinzia nikimweleza masomo. Kisha akasema, "Sharp, ma'am," yaani sawa kabisa, kwa heshima zote, akarudi kwenye kopo lake.

Tangu siku ile situlii. Naitaka hii kazi, Mama. Nikifika kwenye roboti, zile taa za barabarani pale kona, inawaka kijani na mimi nimesimama tu, watu wananipiga vikumbo. Nikishika sare ninazowashonea wanakwaya wenzako namwona yule msichana. Nikiwa maabara naona mlango huu, na mtu amesimama nje na kitambaa chake anabisha, hodi, hodi, na hakuna wa kumkaribisha.

Nina hasira nawe. Nimesema. Marehemu hasemwi vibaya, najua, na Mungu anisamehe, lakini nani alinisukuma kwa kiwiko? Ulinitia hamu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ukanifunga kwenye bawaba. Nilimuuliza baba. Akasema ahadi ni deni. Halafu akauona uso wangu, akasema hata deni mtu huomba msamaha. Nimwombe nani sasa? Aliyenidai hayupo.

Jana alikuja mume wako, Papa Donati, ametoka zamu ya ulinzi, sare bado mwilini. Anakuja kila Jumamosi, anakaa karibu na pasi, hasemi sana. Amepungua. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Nilitarajia akasirike, au aniambie nenda. Nilitamani sana aniambie nenda. Alikaa, akakunjua kitambaa cha mteja, akakikunja, kisha akasema, "Ule mama alikuwa naogopa, Zuhura. Mutu ya kuogopa anaombaka mambo mingi. Miye aliniomba nisirudie Lubumbashi, nisioe bibi mwingine, na niache chumvi." Akakikunjua tena kile kitambaa. "Chumvi tu njo ilinishinda."

Tukacheka mpaka fundi viatu akaja kuchungulia. Papa alicheka huku machozi yanamtoka, akajifuta kwa mkono wa sare. Nikamuuliza, basi mimi nifanyeje? Akasema si lake kusema. Neno lile nilimpa Rejina, yeye hawezi kunirudishia. Akauliza tu kama sare za kwaya zitakuwa tayari kabla ya sikukuu.

Alipoondoka nilibaki na lile neno lake. Uliogopa. Mimi sikuwa nimeliona hilo hata kidogo. Wewe uliyekuwa ukigombana na askari wa jiji barabarani, wewe uliyekuwa ukikata kitambaa cha harusi bila kupima mara ya pili! Nilidhani unaniamuru. Kumbe ulikuwa unashika chochote kilichokuwa karibu, na aliyekuwa karibu ni mimi. Ningejua, nisingekuahidi mlango. Ningepanda kitandani nikalala ubavuni pako, basi, tukaogopa wote.

Kwa hiyo nakwambia wewe kabla sijawaambia wao. Kesho nitasema ndiyo. Nitaufunga, Mama. Sitasema nimelazimishwa na dunia. Wala sitasema kwamba moyoni ulitaka niende, kama wanavyopenda kusema watu wakitaka kujipoza. Sijui ulitaka nini. Ni mimi ninayevunja neno langu, kwa akili timamu, na linaniuma. Nguo za watu nitazimaliza kwanza, za kwaya mbele ya zote. Cherehani zitashuka kwa mafundi wa ghorofa ya chini, Papa Donati amekubali. Yeye mwenyewe nitampigia simu kila Jumamosi saa zake za kukaa karibu na pasi, nimuulize habari ya chumvi.

Mungu akulaze pema, Mama yangu. Akupe utulivu ule ambao mimi sina. Sikuzoea kukuaga, tulizoea kugombana mlangoni tukapeana mgongo, na jioni tukala pamoja.

Ahadi ile nimeivunja, basi pokea nyingine. Wamesema mwaka wa pili kule Cape nitakabidhiwa mwanafunzi wangu wa kwanza, nimfundishe ile nguo tangu uzi wa mwanzo. Nitamfundisha vizuri. Nitamgombeza, nitakuwa mkali kama wewe. Lakini siku atakapokuwa tayari kunipita, sitangoja niwe kitandani. Nitamwita nikiwa mzima, nikiwa na sauti yangu yote, nimwambie nenda. Na nikiwa naogopa, nitamwambia pia kwamba naogopa, halafu nitamwambia tena nenda.

Mimi nakwenda, Mama.

Zuhura wako