Mkate Uliomziba Mama Masikio

Kaka,

Ile oveni ya bei poa chumbani kwangu ni ya kuyeyushia lehemu, ya kuungia vipuri vya umeme. Nimesema mpaka midomo imekauka. Asubuhi umeivuta trei uweke mkate wako, lehemu ikiwa bado majimaji. Vipuri vyote vikateleza, saketi ya kifaa cha kusikia cha Mama niliyokuwa naitengeneza ikafa. Ukasema, “Si kitu kidogo tu?” Hata akili yako ni ndogo, mbona hatujaitupa?

~~Mkate usiule, umeingia moshi wa lehemu.~~ Mkate uko kwenye sahani. Karibu.

Nimeenda kutafuta vipuri. Mama akiamka, mweleze wewe kwa nini hasikii. Piga kelele, kaka, mpaka aelewe. Madirisha nimeshakufungulia, majirani nao wasikie.

Mdogo wako