Mbalamwezi Niliyoiacha Bangwe

Baba Zuhura mume wangu,

Salamu kutoka Uswisi. Mimi mzima, ila baridi ya huku imenikaa magotini.

Mwanao alinipangia wiki mbili za kukimbizana na treni, miji saba! Nikamwambia, "Zuhura, mimi si kifurushi. Tafuta penye ziwa, tukae." Basi tumekaa. Ziwa lao zuri, lakini ufukweni hapanuki dagaa kama kwetu Bangwe, na samaki wanamleta mezani hana kichwa.

Leo asubuhi nimeukuta mwezi mpevu bado uko juu ya mlima. Nikasimama kuutazama mpaka Zuhura akauliza, "Mama, unalia?"

Tarehe nilizichagua kwa ujanja. Nikasema nisafiri kwenye mbalamwezi, maana dagaa hawafuati taa zenu, mitumbwi imepumzika, sina cha kuanika. Sikufikiri kwamba hizo ndizo siku unazolala nyumbani.

Nikirudi, mbalamwezi itakuwa imekwisha, giza litakuwa limeingia, na wavuvi wote watakuwa wanawasha taa zao. Usiku huo waache waende, mume wangu. Wewe baki.

Mama Zuhura wako