Puti Niliyoiweka Chini ya Miguu ya Mama

Baba,

Shikamoo. Najua sitaisikia ile marahaba yako ya kuvuta, lakini mkono umegoma kuandika kabla sijakuamkia.

Ni mimi Kabula, yule uliyekuwa ukiwaambia watu wa Maganzo kwamba anachomelea kukushinda wewe. Ulikuwa unadanganya, na mimi nilikuwa naupenda uongo wako. Leo nimekuja na wa kwangu.

Unakikumbuka kigari cha gofu. Ulikitoa kwenye vyuma chakavu vya mgodini, kimekufa kabisa, ukakifufua kwa ajili ya Mama baada ya miguu yake kukataa. Watu walicheka, eti Baba Kabula kaleta gari la mabosi wavivu. Jumapili ya kwanza Mama alipopita sokoni kimyakimya akielekea kanisani, kitenge kipya mabegani, hakucheka mtu. Wewe ulimfuata nyuma kwa miguu, mikono mgongoni, unajifanya humjui.

Kisha maji ya betri yakavuja chini ya kiti, kutu ikaila sakafu. Ukaniambia, "Kabula, kata yote, weka bati jipya. Mimi kifua hakiniruhusu tena." Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Nilikuwa na mageti ya watu, Baba, na nilikuwa nimechoka kukumbushwa. Siku moja nikaparura juujuu, nikasiliba puti, ule udongo wa kuzibia mabati, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya kijani ikang'aa. Nikakwambia nimemaliza. Ukasema, "Wabeja, mwanangu." Ile asante yako inanichoma mpaka leo.

Mwezi uliofuata ukatuacha.

Njia ya kwenda kwenye makaburi ya ukoo ni ileile, katikati ya matuta ya viazi, gari la kawaida halipiti. Nikampakia Mama kwenye kigari. Hata langoni hatukufika. Sakafu ilikatika, mguu wake wa kushoto ukatumbukia mpaka gotini. Vijana wakaja kumbeba, akakataa katakata. "Leo anayebebwa ni mmoja," akasema. Msafara ukaondoka, yeye akabaki uani, amekaa kwenye kigari kilichoinama upande. Kaburini nikatia udongo mara mbili, mara moja wangu, mara moja wake. Watu walidhani ni uchungu tu. Ilikuwa aibu, Baba.

Karakana naifungua mimi sasa. Wateja wa mbali ambao hawajasikia bado wanauliza mzee yuko wapi. Nawajibu, halafu navaa miwani ya kuchomelea upesi wasinione macho. Yule kuku wako mwekundu anatagia kwenye kiti chako. Mama amekataza asifukuzwe.

Kigari sikukigusa kwa miezi. Wiki iliyopita nikakisukuma mpaka mbele ya Mama, nikaanza. Nikamwaga maji ya magadi kuua asidi ya betri, kama ulivyonifundisha, yakatoa povu, nikamwaga tena mpaka yakatulia. Nikagonga kwa nyundo kila shubiri. "Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza," ulikuwa ukisema. Kilinyamaza mahali pengi. Nikakata kwa grainda, puti ikadondoka vipande vipande miguuni pa Mama, upande mmoja rangi ya kijani, upande wa pili kutu tupu. Nikazima mashine. Nikamwambia yote.

Aliokota kipande kimoja, akakigeuzageuza.

"Baba yako alijua," akasema. "Alikigonga siku ileile uliyomaliza."

Kumbe ndiyo maana mwezi ule wote alisingizia jua kali asiende kanisani! Ulimkataza kukipanda. Ulimwambia, "Mwache. Atakuja kukikata mwenyewe." Lakini siku ya kukuzika, akasema, angefanyaje?

Baba, kwa nini hukunigombeza? Wewe uliyekuwa ukinifokea kwa koleo lililolazwa mvuani! Ungenifokea siku ile ningenuna, ningelia, ningekata. Mama angekuzika. Nimekukasirikia, nakwambia kweli, halafu hasira inaisha nabaki nalia ndani ya glavu zako.

Nimeweka bati nene. Nimechomelea mshono mzima, juu na chini, nikapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili. Jana asubuhi nilipanda nikarukaruka juu yake kama mwendawazimu, majirani wakitazama. Halikutikisika. Ndipo nikampandisha Mama.

Tulipita katikati ya matuta polepole. Tukafika. Akashuka kwa fimbo yake, mkono wangu hakuutaka. Akainama kwa shida, akachota udongo, akauweka juu yako. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Badala yake akasema, kwa sauti ileile ya kukuita uje unywe chai:

"Baba Kabula, nisamehe nimechelewa. Gari lilikuwa kwa fundi."

Hakusema fundi gani. Nililia mpaka nikakaa chini.

Pumzika, Baba. Kila Jumapili baada ya ibada nitamleta kwako. Na kila Jumamosi nitaingia chini ya kigari na nyundo yako, nigonge shubiri kwa shubiri. Pakinyamaza, sitasema kesho.

Wabeja, Baba.

Mwanao,
Kabula